Deni la shahada ya ualimu: makato si tatizo lako kubwa

Mdogo wangu wa Makorora, Tanga, umeuliza kama shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, inastahili deni la Bodi ya Mikopo, ukizingatia mama anategemea kuuza samaki pale soko la Deep Sea.

Makato ya kulipa mkopo ni 15% ya mshahara wa msingi. Ukianza na 700,000, zinaondoka 105,000 kila mwezi kabla hujalipa chumba wala bajaji. Yanauma, ila yanabebeka, hasa tangu 2021 ilipofutwa ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni ya watu.

Kinachonitia hofu ni ile miaka ya kusubiri ajira. Wahitimu wa masomo ya sanaa ni wengi mno, na siku hizi mwalimu naye anapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali. Kama ufaulu wako wa Fizikia au Hisabati unaruhusu, badilisha masomo utakayofundisha kabla dirisha la udahili halijafungwa, nakusihi. Na lile bumu, yaani pesa ya kujikimu chuoni, ni deni vilevile. Likibaki, mwongezee mama mtaji, usinunulie simu.