Uliza Ujibiwe: Wanafunzi wa fasihi, Mikumi au Msimbazi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu msaidizi chuo kimoja hapa Dar, nafundisha fasihi na mazingira, darasa lina watu 46. Wanafunzi wanataka ziara ya mafunzo Mikumi, uongozi unasema hela hakuna, na mi mwenyewe sijui tukifika tutafanya nini zaidi ya kupiga picha na twiga. Naomba ushauri. – Mwalimu, Tabata

JIBU: Marahaba mwalimu. Hapo kwenye twiga umeshajijibu. Mikumi ni karibu kilomita 300 kwenda tu, siku inaishia kwenye basi, mkirudi mnapata ripoti 46 zinazofanana za "tulienda tukaona".

Watu wa fani hii wanapenda sana kumtaja mwandishi Mmarekani Henry David Thoreau, aliyehamia pembeni ya ziwa Walden mwaka 1845 akakaa kama miaka miwili, na mpaka leo walimu wa kule wanapeleka wanafunzi. Watu wanadhani alijificha porini huko. Wapi! Ni mwendo wa miguu tu kutoka mji wa Concord na treni ilikuwa inapita ukingoni mwa ziwa. Sasa wewe uko Tabata, mto Msimbazi huo hapo jirani, unataka nini tena.

Ufuateni mto. Jumamosi ya kwanza nendeni unakoanzia, vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo andika barua mapema na uulize kiingilio, usiende kubembeleza getini na kosta mbili zimejaa watoto wa watu. Ndani kuna mapango ya popo, na hapo ndo somo lilipo, maana wengi wanaingia wakiamini ni maumbile kumbe ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe. Waache washangae kwanza ndo uwaambie, halafu waulize hilo neno "asilia" lililoandikwa kwenye kibao linamaanisha nini, mtabishana mpaka jioni.

Jumamosi ya pili shukeni Jangwani, kwenye bonde la mto huohuo, na hapa ndo nataka uwe makini. Yale mafuriko ya Desemba 2011 watu wanayo kichwani bado, waliofiwa wapo, familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, na miaka hii nyumba nyingine zimevunjwa kupisha mradi wa bonde. Yani mtu amesimulia habari ya maji kuingia ndani usiku mara nyingi mpaka simulizi yake ina mianzo, ina vituo, ina sehemu anayoichekesha ili asilie, hiyo ni fasihi simulizi kabisa iko mbele yako. Lakini watu wa bondeni wamechoka na wageni wenye madaftari. Anza ofisi ya serikali ya mtaa, mjumbe awatambulishe, gawa vikundi vya watu sita saba, usiingize 46 kwenye kichochoro kimoja kama mnaenda kubomoa. Kamera zikae mfukoni mpaka mtu aruhusu. Na masika msiende.

Malizieni Salenda, mto unapoingia baharini. Angalia ratiba ya maji kupwa na kujaa kwanza, ukifika maji yamejaa hutaona kitu, yakipwa unaona mizizi ya mikoko imeshika chupa na vitambaa vya mji mzima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 ila chupa si unaziona mwenyewe.

Kazi ya darasa: wasome shairi au hadithi kabla, walisome tena palepale kwa sauti, halafu kila mtu akae peke yake nusu saa simu imezimwa, aandike anachosikia na anachonusa bila kusifia. Nyumbani warudi kwenye shairi waulize mshairi kaacha nini nje. Ila tafadhali mwalimu, mashairi ya "mimi ni mto msinichafue" yapige marufuku, tumeyasoma ya kutosha.

SWALI: Mwanangu anasoma fasihi, sasa naambiwa wanapelekwa mtoni. Hayo si ya jiografia? Na akiugua? – Mama wa watatu, Mbagala

JIBU: Mama shikamoo. Mtu wa jiografia atapima maji, wa fasihi atapima maneno yanayosemwa juu ya hayo maji. Chukua ile ilani ya Nyerere ya Arusha ya mwaka 1961 kuhusu wanyamapori, inasema tumepokea dhamana ya kuwalinda, inaomba mataifa mengine yatusaidie wataalamu na pesa. Nzuri. Ila ni mtu wa fasihi ndo atauliza mwanakijiji anayeliwa mahindi na tembo yuko kwenye sentensi ipi. Swali hilo linauma zaidi ukiwa umesimama kwa huyo mwanakijiji kuliko ukiwa umekaa maktaba.

Kuhusu kuugua, hofu yako ni ya haki, Msimbazi ni mchafu. Mnunulie mabuti ya mpira, abebe maji yake ya kunywa na sabuni, asiingie mtoni hata kama wenzake wanamcheka, na kama ana kidonda mguuni abaki nyumbani siku hiyo, mwalimu mwenye akili atampa kazi nyingine.