Waliokuja Kupanga Viti

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama vyuo vikuu vina haja ya kuwa na ofisi na shughuli maalumu kwa ajili ya wanafunzi wa LGBTQ, yaani wanaopenda watu wa jinsia yao au wanaoishi kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa, au kama huduma wanazopata wanafunzi wote, yaani ushauri nasaha, zahanati na ofisi ya mlezi wa wanafunzi, zinatosha. Nililisoma, nikaliweka kando, kisha nikalirudia usiku, kwa sababu kwa miaka 14 kazi yangu ilikuwa kugawa kumbi na vyumba vya mikutano katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Sikuwa mshauri wala mhadhiri. Nilikuwa mtu wa funguo. Kwa hiyo nakiri mapema kwamba jibu langu litahusu milango kuliko sera, na huenda mkaona nimejibu swali jingine kabisa.

Msimamo wangu, ambao ningewaandikia bila kusita kama mngeuliza zamani, ni kwamba huduma za wote zinatosha. Niliamini kuwa mwanafunzi aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mtu anayempenda anahitaji pa kulala na ada ya muhula, sawasawa na mwanafunzi mwingine yeyote aliyefukuzwa nyumbani, na kwamba mshauri aliyefunzwa vizuri hana haja ya kubandika upinde wa mvua, alama yao, mlangoni ili aweze kusikiliza. Shughuli za hadharani niliziona kuwa ni za wale waliokwisha kujitambulisha, wenye marafiki na wenye sauti. Yule aliye peke yake bwenini, anayefuta alichosoma kwenye simu kila usiku kabla ya kulala, niliona hapati chochote kutokana na bendera iliyotundikwa ukumbini. Sehemu ya hoja hiyo ningali naiamini, na nawaomba mnivumilie nieleze ni kwa nini sehemu nyingine imenitoka.

Ilikuwa tarehe 20 Novemba, siku ambayo kila mwaka hukumbukwa watu waliouawa kwa sababu ya kuishi kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 1999 na Gwendolyn Ann Smith, kufuatia kuuawa kwa Rita Hester huko Massachusetts, Marekani, mnamo Novemba 1998, na taratibu zake si nyingi: watu hukusanyika jioni, mishumaa huwashwa, na majina ya waliouawa mwaka huo husomwa moja baada ya jingine. Umoja wa wanafunzi wa LGBTQ wa chuoni kwetu ulikuwa umeomba chumba chao cha siku zote, kidogo, ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Kwa uzembe wangu nilikuwa nimekwisha kuwapa chumba hicho watu wa idara ya takwimu. Nilipogundua kosa ilikuwa saa nane mchana, na kwa kutaka kulifuta nikawapa wanafunzi wale ukumbi bora kuliko yote niliyokuwa nayo: ukumbi mpya wa chini, wenye viti 200, vipaza sauti, na ukuta mzima wa kioo unaotazama njia iendayo maktaba. Nilijiona mkarimu. Katibu wao, binti mwembamba asiyependa maneno mengi, alizipokea funguo kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, mzee wangu," na kwa jinsi alivyoitamka ahsante ile nilijua kuna jambo, ila sikuuliza.

Giza likishaingia na taa zikiwa zimewashwa, aliye nyuma ya kioo hujiona mwenyewe tu, na aliye nje humwona kila mtu. Mimi nilikuwa nje, kwa kuwa nilitakiwa kusubiri ili nifunge. Katika chumba chao cha juu walizoea kufika watu 30 hivi. Jioni ile waliingia 11. Wengine niliwaona kwa macho yangu: walikuja hadi hatua kumi hivi kutoka mlangoni, wakatazama ndani, kisha wakashika njia ya maktaba wakiwa na simu masikioni, nami nina hakika kwamba simu nyingine hazikuwa na mtu upande wa pili. Kijana mmoja nilimhesabu akipita mara nne. Mara ya tano hakuuelekea mlango, alinijia mimi.

"Shikamoo, mzee. Mnahitaji mtu wa kupanga viti?"

Viti vilikuwa vimepangwa tangu asubuhi, vyote 200, kwa ajili ya watu 11. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba ahsante, hakuna kazi. Ningependa kuwaambia kwamba hekima ndiyo iliyonizuia, lakini nadhani nilikuwa nimechoka tu, na nikafikiria kwamba viti vile mwisho wa yote vitanisubiri mimi. Nikamwambia, "Marahaba. Vya nyuma hivi vinatakiwa kutolewa."

Akaingia. Alianza na safu ya mwisho, akibeba viti vinne vinne na kuviegemeza ukutani bila kishindo. Kule mbele majina yalikuwa yameanza kusomwa, na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo, baada ya miaka yote hii, linanijia kila ninaposikia mtu akibishana juu ya mambo haya: kila jina liliposomwa, yule kijana alisimama pale pale alipofikia, kiti kikiwa mikononi hewani, wala hakukiweka chini mpaka kimya kilipopita. Majina yalikuwa mengi. Kuna wakati mikono ilikuwa ikimtetemeka kwa uzito. Alipomaliza kuondoa safu za nyuma, shughuli ilikuwa bado haijaisha, basi akaanza kuvirudisha viti vile vile alivyovitoa, na mimi, ambaye kwa kawaida ningefoka, nilinyamaza. Hakuna aliyemuuliza jina wala kumpa mshumaa. Walipotawanyika alikuja kunisaidia kufunga madirisha, na akiwa amenipa mgongo akauliza, "Kile chumba cha juu, viti vyake hupangwa siku gani?"

Nikamjibu, "Alhamisi, saa kumi na moja."

Siku iliyofuata nilimsimulia katibu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Wiki iliyofuata, kwenye ubao wa matangazo, katikati ya matangazo ya vitabu vilivyotumika na vyumba vya kupanga, kulikuwa na karatasi ndogo isiyo na rangi wala nembo: wanatafutwa watu wa kupanga viti, Alhamisi, si lazima kubaki. Chumba kile kilikuwa na viti 24. Kuna wiki niliyopita nikakuta wapanga viti tisa.

Nimerefusha, najua. Lakini swali lenu linadhani kwamba kuna mwanafunzi anayehitaji msaada na kuna ofisi inayotoa msaada, na kwamba kazi iliyobaki ni kuamua ofisi hiyo iwe ya nani. Mimi naona kazi yote iko kwenye hatua kumi zile za mwisho. Mshauri nasaha wetu alikuwa hodari, mwenye siri, na mlango wake ulikuwa wazi siku tano kwa wiki. Ila ili umfikie ilikubidi uwe tayari umejua utakachomwambia. Yule kijana hakuwa na la kumwambia mtu. Alitaka tu kuwa mahali ambapo majina yale yanasomwa, huku mikono yake ikiwa na sababu ya kuwapo pale.

Jambo hili si geni. Umoja unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii kutambuliwa na chuo kikuu, wa pale Columbia, New York, mwaka 1967, nusura ukwame kwa sababu ya karatasi. Chuo kilidai orodha ya wanachama, na wanachama hawakuwa tayari kuandikwa. Hata mwanzilishi wake, Robert Martin, alitumia jina la Stephen Donaldson. Alichofanya ni kuwaomba viongozi mashuhuri wa wanafunzi wajiandikishe kwa jina tu, ili orodha ipatikane bila kumfichua yeyote. Nilipolisoma jambo hilo niliwafikiria wapanga viti wangu, kisha nikajifikiria mimi, na sikupendezwa. Maana fomu yangu ya kuomba ukumbi, niliyoisimamia kwa ukali mwaka baada ya mwaka, ilidai majina na namba za usajili za wote waliohudhuria, na umoja usioileta haukurudishiwa gharama zake. Umoja ule haukuwahi kuileta. Nilikuwa nikiwaita wavivu wa kujaza fomu. Baada ya Novemba ile nilianza kupokea idadi badala ya majina, bila kumwomba mtu ruhusa, na hadi nastaafu hakuna mkaguzi aliyeuliza.

Vilevile nilikuwa nikiwadhihaki wanaopigania burudani. Umoja wa wanafunzi wa namna hiyo wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, uliandaa dansi mnamo Novemba 1973, chuo kikawapiga marufuku kuandaa shughuli za kijamii, na kesi ikafika mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 1974 iliamua kwamba marufuku hiyo ilivunja haki yao ya kujumuika. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba kwenda mahakamani kwa ajili ya dansi ni anasa. Leo naona kwamba dansi ni ukumbi ambao mtu anaweza kuingia bila kuulizwa shida yake ni nini, jambo ambalo ofisi ya ushauri, kwa uzuri wake wote, haiwezi. Na mahafali ya Lavender, sherehe ya kuwapongeza wahitimu wa LGBTQ, yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1995 na Ronni Sanlo, mama ambaye alinyimwa nafasi ya kuhudhuria mahafali ya watoto wake mwenyewe kwa sababu alimpenda mwanamke, yalianza na wahitimu watatu. Kwa kanuni zangu za kugawa kumbi, watu watatu wasingepewa hata chumba cha stoo.

Hapa nilikuwa nimejiandaa kuhitimisha kwamba jawabu ni usiri: milango ya pembeni, ghorofa za juu, matangazo yasiyo na rangi. Lakini ningekuwa nimemficha mwenzangu wa ushauri nasaha, ambaye tulibishana naye juu ya jambo hili kila tulipokutana. Yeye alisema, "Ukimtafutia mtu kona kila siku, unamfundisha kwamba ana kitu cha kuficha." Sikuwa na jibu. Na miaka miwili baada ya jioni ile, katibu mpya, kijana mwenye sauti kubwa, alikuja kuomba ukumbi wa kioo, kwa hiari yake, kwa siku ile ile ya Novemba. Nilimuuliza kama anakijua kioo kile. Akasema anakijua, na kwamba wanakitaka kwa sababu hiyo hiyo, ila mlango wa nyuma, ule wa stoo ya viti, uachwe wazi na taa yake izimwe. Walifika wengi. Sikuhesabu walioingia kwa nyuma.

Basi jibu langu, baada ya kuanza na hapana, ni ndiyo: ofisi iwepo, kama ile ambayo Michigan ilikuwa ya kwanza Marekani kuifungua mwaka 1971, na shughuli ziwepo, zikiwemo za kelele, kwa kuwa bila wale wa mbele ya kioo hakuna anayejua kwamba kuna stoo yenye mlango. Lakini ndiyo yangu ina masharti. Palipo na sheria inayoweza kumfunga mtu kwa kuonekana tu, nayarudisha maneno yangu yote kuhusu kumbi, kwa sababu huko kioo ni mtego na orodha ni ushahidi. Mahali pengine popote, pasiwe na picha za waliohudhuria wala majina kwenye fomu, na mlango wa ofisi hiyo utumiwe pia na ofisi nyingine mbili tatu, ili anayeonekana akiingia awe na la kusema. Mwenzangu wa ushauri nasaha angelipinga sharti hilo la mwisho, na huenda angekuwa na haki. Nami namkumbuka kijana mmoja, jioni moja, ambaye hata jina lake sikulijua. Pengine alipenda tu kupanga viti.

Alhamisi ile ya kwanza, kama mnataka kujua, alifika saa kumi na nusu, nusu saa kabla ya wakati. Chumba kilikuwa bado kimefungwa, na mimi nilikuwa nimechelewa na funguo.

Msomaji wenu, mstaafu