Kwa mgeni wa mipango miji Kisumu: simama chini kabla ya kurusha droni

Ukifika Kisumu kusomea mipango ya miji, au kutengeneza filamu ya makala kuhusu jiji, utatamani kuanza na picha ya angani: mabati ya mitaa ya Manyatta na Nyalenda yakimeta, ziwa nyuma yake. Picha ni nzuri, ila haielezi kitu.

Haielezi kwamba sehemu kubwa ya ardhi ile ina wenyewe. Ilikuwa nje ya mpaka wa mji wa wakoloni. Mpaka uliposogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakajikuta wako mjini bila kuhama. Ndiyo sababu utakuta vyumba vya kupangisha vimeizunguka nyumba ya mwenye boma, na pengine kaburi la mzee liko pale pale uani. Kibera, kule Nairobi, ambako ardhi imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya serikali, kesi ni nyingine kabisa. Anayechora barabara mpya kupitia Manyatta anapitisha kalamu kwenye boma la mtu, kwa hiyo mtafute huyo mwenye boma. Msalimie, keti, mwache aeleze shamba liligawanywaje hadi kichochoro kikabaki upana wa mkokoteni. Usielekeze kamera kaburini kabla hajakuruhusu.

Kabla ya kutoka na kamera, tazama filamu The Social Life of Small Urban Spaces ya William H. Whyte, mtafiti wa miji wa Marekani. Alitega kamera kwenye viwanja vya wazi vya kupumzikia umma vya New York, akafuatilia nani anakaa wapi na kwa muda gani. Aligundua kwamba watu hukaa palipo na pa kukalia. Jambo hilo laonekana dogo, lakini utafiti wake uliifanya New York ibadili kanuni za viwanja hivyo. Tunahitaji ushahidi wa namna hiyo hapa kwetu, na mtu yeyote mwenye simu na stendi ya kuisimamisha anaweza kuukusanya.

Anzia soko la Kibuye, Jumapili, kabla jua halijapanda. Acha kamera itulie sehemu moja asubuhi yote. Tazama asiye na kibanda anatandika wapi mitumba yake, mkokoteni unakwama wapi, boda boda wanasimama upande gani. Saa saba rudi pale pale uone kivuli kimewahamishia wapi. Nenda mtaa wa Kondele vilevile, jioni watu wakitoka kazini.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Mama anayeuza pasiporuhusiwa anaweza kupoteza bidhaa zake kwa sababu ya picha yako. Mweleze filamu itaonyeshwa wapi, na akisita, piga picha ya mikono na mizani, uso uuache. Ukishaunganisha rasimu ya kwanza, ipeleke sokoni kwenye simu wewe mwenyewe kabla ya kumwonyesha mhadhiri au afisa wa kaunti. Wachuuzi ndio watakaokuambia ni njia gani umeiita tupu ilhali wao huipita kila alfajiri.