Hina Mikononi Imekusema, Mwanangu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bamburi. Likizo ya Agosti mume wangu alichukua vani kuukuu, akaipeleka kwa fundi ikatiwa vitanda na jiko la gesi, akatupakia mpaka Kisumu na kurudi. Siku 11, Shangazi, na mama yake kakalia kiti cha mbele safari nzima. Nilivumilia yote, hata pale Makindu aliponitia aibu kutulisha chakula cha bure kwa Masingasinga. Jumamosi tulitoka Mtito Andei asubuhi, nikamwomba tufike mapema kwa ajili ya watoto, maana shule zilikuwa zafunguliwa. Hakunisikia. Tsavo akasimama watoto waone ndovu. Mackinnon Road mama mkwe akataka kuzuru kaburi, dakika 20 nzima. Mariakani tukakwama nyuma ya malori mpaka jua likashuka. Usiku wa hina wa shoga yangu ukanipita hivyo. Maneno yakazidi, nikashuka Changamwe. Ni wiki sasa niko kwa mama yangu Likoni, naitazama hina mikononi inavyofifia kama ndoa yangu, na mume hajavuka feri kunifuata. Nidai talaka? Aliyechoka."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa joto na vumbi. Kupikia watu sita kwa mtungi mdogo wa gesi, na kuoga kwenye vyoo vya vituo vya petroli, si raha hata kidogo. Pole yangu ndiyo hiyo. Sasa tuisome barua yako, maana nimeisoma mara tatu na kila mara yanichekesha mahali pengine.

Wasema haraka ilikuwa ya shule. Siku ya Jumamosi? Ni shule gani hiyo ya Bamburi inayofungua milango Jumapili? Watoto umewatanguliza mbele kama ngao, na nyuma yao kuna shoga, sare iliyokwisha kushonwa, na ngoma. Ungemwambia mumeo tangu Mtito Andei kwamba una shughuli usiku, angekanyaga mafuta. Ulimficha, kisha ukamkasirikia kwa kutojua.

Halafu hiyo hina. Wasema usiku wa hina ulikupita, kisha wiki nzima baadaye waketi Likoni waitazama hina mikononi. Ilitoka wapi? Kama uliipaka kabla ya safari, hizo ni siku 18 na zaidi, na hina haikai siku zote hizo kwenye mikono inayoosha masufuria. Ama masufuria aliyaosha mtu mwingine, nami namjua, ni yule aliyekalia kiti cha mbele. Ama harusini ulifika. Mimi naona ulifika, mwanangu. Ulishuka Changamwe, ukaita bodaboda, ukaenda kunyoosha mikono upakwe maua.

Na hilo la Changamwe umelipitisha kwa maneno mawili tu, "nikashuka Changamwe," kama mtu aliyeteremka matatu mlangoni kwake. Hebu tulitazame. Magharibi inaingia. Mumeo ameshika usukani tangu asubuhi, macho mekundu kwa moshi wa malori ya kontena. Watoto watatu wamelala huko nyuma, mdogo pengine katapika. Mama mtu mzima ana miguu iliyovimba. Bado kuna Makupa, kuna kisiwa kizima, kuna daraja la Nyali na foleni yake ya Jumamosi, ndipo Bamburi. Wewe ukafungua mlango ukaondoka. Nani alimbeba mtoto aliyelala mpaka kitandani? Nani alishusha magodoro? Barua yako ndefu hiyo haina hata neno moja juu ya watoto wako baada ya Changamwe. Nani anawasuka? Nani anawapa chai wakienda hiyo shule uliyokuwa na haraka nayo?

Kuhusu mama mkwe, mimi niko upande wake na sifichi. Pale Mackinnon Road, pembeni mwa reli, amelala Sayyid Baghali Shah, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya zamani. Wazee husimulia kwamba alipobeba karai, karai lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Amini, usiamini, hilo ni lako. Lakini madereva wa njia hiyo, hata wale wasioswali, husimama wakatoa sadaka na kuombewa njia. Mama amemaliza kwenda na kurudi, amebakisha kipande cha mwisho, ataka kusema alhamdulillahi. Wewe ukamhesabia dakika kwenye simu. Mariakani mlikwama saa ngapi? Hukuzihesabu, kwa sababu malori hayana mtoto wa kiume uliyeolewa naye.

Makindu nako wasema alikutia aibu. Jikoni pale pa Masingasinga hula kila msafiri, tajiri na fukara, huulizwi dini wala kabila. Wahenga walisema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Ulidhani wewe utasamehewa?

Nyinyi wa siku hizi mna balaa. Mwanamume akisafiri peke yake, analo la kuficha. Akisafiri na wenzake, hajali familia. Akiwatia nyote kwenye gari, mke, watoto na aliyemzaa, mwasema hoteli iko wapi, tutapiga picha gani. Mimi marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, katika miaka 31 alinipeleka mbali kupita Mtwapa mara moja tu, tena tulikwenda mazishini. Wako kawatembeza watoto mpaka ziwani, kawaonyesha ndovu waliojaa udongo mwekundu wa Tsavo, na kukanyaga breki kwa ajili ya ndovu ndiyo kosa lake unalonipelekea mimi! Kosa lake la kweli ni moja: kiti cha mbele kingezungushwa, leo mama, kesho mke. Hilo mwambie, kwa sauti ya chini, watoto wakishalala.

Talaka usiitaje tena. Na kwa nini avuke yeye? Aliyeondoka ni wewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nayo ngama yako iko Bamburi, haiko Likoni. Feri kwa waendao kwa miguu ni bure, huna hata kisingizio cha nauli. Ukifika upande wa pili, pitia Biashara Street umnunulie mama mkwe leso. Ila lisome jina kabla hujalipa. Kwa hasira ulizonazo, naogopa mkono utaangukia la mafumbo, turudi tena Changamwe.