Maswali na majibu: Mgonjwa wa mapafu asifungiwe ndani

Maswali ya safari hii yote yanahusu mazoezi kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu, yaani COPD, makovu ya kifua kikuu na jamaa zake.

Baba ana miaka 67, alivuta sigara muda mrefu na amepimwa COPD. Akienda dukani anarudi anatweta. Tumemkataza kutoka, kila kitu tunamletea. Tuko sawa?

Hapana. Mnampenda, lakini mnamdhoofisha.

Kwenye COPD tatizo kubwa ni hewa kutoka. Njia za hewa zimekuwa nyembamba na hujifunga mtu anapotoa pumzi. Akiwa ametulia anapata muda wa kuitoa. Akitembea anapumua harakaharaka, muda huo unafupika, na pumzi mpya inaingia kabla ya ile ya kwanza kutoka. Mapafu yanajaa, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinasukumwa chini kinakuwa bapa, na kikiwa bapa hakina nguvu ya kuvuta. Hapo mzee anasema "hewa haiingii", kumbe iliyomo ndiyo haijatoka. Kifua kilichojaa hivyo kinaizuia pia damu inayorudi moyoni, na moyo unapiga mbio kufidia.

Sasa mweke kwenye kochi miezi miwili. Misuli ya mapaja inanyauka. Msuli dhaifu hutoa asidi ya laktiki mapema, hata kwa kazi ndogo, na asidi hiyo inazalisha kabonidayoksaidi zaidi ambayo lazima itolewe kwa kupumua. Matokeo yake, duka lilelile litamtoa jasho kuliko mwanzo, nanyi mtasema ugonjwa umezidi. Mazoezi hayafufui mapafu: akirudia kipimo cha kupuliza, namba zitakuwa karibu zilezile. Kinachobadilika ni misuli, na misuli imara inadai pumzi chache kwa kazi ileile.

Akishaonwa na daktari, mpimeni hivi. Tafuteni njia tambarare, pimeni mita 30, atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6. Akichoka asimame, lakini saa isisimamishwe. Tuseme amefikisha mita 300: hiyo ni mita 50 kwa dakika. Mazoezi yake yaanze kwa asilimia 80 ya mwendo huo, mita 40 kwa dakika, yaani mita 400 kwa dakika 10. Siku 3 hadi 5 kwa wiki. Ongezeni dakika kwanza mpaka 20 au 30, kasi baadaye. Kwenye kipimo cha kuhema cha 0 (hahemi kabisa) hadi 10 (anahema kupita kiasi) alenge 4 au 5: anaweza kusema sentensi fupi, kuimba hawezi. Avute hewa kwa pua akihesabu 2, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza mshumaa akihesabu 4. Rudieni kupima baada ya wiki 8. Akiongeza mita 30 na zaidi, hayo ni maendeleo ya kweli.

Tangawizi, kujifukiza au kupuliza baluni vinasafisha mapafu?

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi na jibu halijabadilika. Maji ya kujifukiza yanaunguza watu, hasa watoto. Kunywa tangawizi yako kama unaipenda, ila usiache dawa kwa sababu yake.

Mama hajawahi kuvuta sigara, amepikia kuni maisha yote. Aliambiwa ana pumu. Sasa vifundo vya miguu vimevimba na ECHO, yaani picha ya moyo ya ultrasound, inaonyesha moyo umetanuka upande wa kulia. Mazoezi hayatamuua?

Kwanza hiyo "pumu". Je, alipulizishwa kipimo cha mapafu, au aliandikiwa kwa sababu kifua kinalia? Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha unaleta COPD kama sigara. Wanawake wengi wetu wanabeba jina la pumu miaka na miaka bila kupimwa, na jambo hili linaniuma.

Kuhusu moyo: sehemu ya pafu isiyopata oksijeni hubana mishipa yake ya damu ili damu ipite kwenye sehemu zenye oksijeni. Ikiwa ni sehemu ndogo, utaratibu huo unasaidia. Mapafu yote yakikosa oksijeni, mishipa yote inabana, shinikizo linapanda, na chumba cha kulia cha moyo kinasukuma damu kwa shida mpaka kinatanuka. Damu inarudi nyuma, miguu inavimba, mishipa ya shingo inatuna. Mama akitembea, oksijeni inashuka na shinikizo linapanda zaidi.

Kwa hiyo asianzie nyumbani peke yake. Uvimbe utibiwe kwanza, oksijeni ipimwe akiwa amekaa na akiwa anatembea, na aanze mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi ya vipande ndiyo yanamfaa: sekunde 30 anatembea, sekunde 30 anapumzika, kwa dakika 10. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88 anasimama, na daktari aamue kama atembee na oksijeni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au midomo kubadilika rangi: anaacha siku hiyo na anarudi hospitali. Asianze kabisa ikiwa mapigo yanazidi 120 akiwa amekaa, presha imezidi 180 kwa 100, amepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja, au huzimia akijitahidi.

Na hilo jiko litoeni nje. Mama hatapona kwa kutembea asubuhi na kuvuta moshi jioni.

Nitoe umri wangu kwenye 220 ili nijue mapigo ya kulenga?

Usihangaike nayo. Mwenye COPD kwa kawaida pumzi humwishia kabla moyo haujafika huko, salbutamol (dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa) inapandisha mapigo, na baadhi ya dawa za presha zinayashusha. Tumia kipimo cha kuhema.

Oksijeni yangu inasoma asilimia 91 kwenye kifaa cha kubana kidoleni. Nifanyeje?

Maswali ya namna hii yanakuja kila wiki, na hayajibiki. Umekaa au unatembea? Uko Mombasa au Eldoret? Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgonjwa aliyekuwa sawa pwani anaweza kushuka akifika huko. Una ugonjwa gani? Kidole ni cha baridi? Kina rangi ya kucha au piko? Tena vifaa hivi huwa vinazidisha namba kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 91 yako huenda ni pungufu ya hapo. Kaa dakika 5, pasha mkono joto, subiri namba itulie, kisha andika zote: ya kukaa na ya kutembea. Hizo ndizo za kumpelekea daktari.

Onyo kwa wenye mtungi wa oksijeni nyumbani: msiufungulie kwa sababu mgonjwa anahangaika. Kwa COPD inayolimbikiza kabonidayoksaidi, madaktari hulenga asilimia 88 hadi 92. Ukizidisha, mgonjwa anasinzia na huenda asiamke. Na mtungi usikae karibu na mkaa.

Nivute dawa kabla ya mazoezi?

Kama umeandikiwa salbutamol, vuta mara 2 dakika 10 hadi 15 kabla. Wengi wanaipulizia ulimini. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu linaloibana vizuri inhela, weka midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa, puliza mara moja tu, vuta taratibu, shikilia hadi 10, kisha rudia. Ukiiosha kwa sabuni iache ikauke yenyewe, kwani ukiifuta kwa kitambaa dawa itanata kwenye plastiki.

Natembea kilomita nzima, lakini kuanika nguo kunanimaliza. Kwa nini?

Misuli ya mabega inakusaidia kupumua. Ukiinua mikono juu, unainyang'anya kazi hiyo. Shusha kamba iwe usawa wa kifua, toa pumzi unapoinua nguo. Na fanya mazoezi ya mikono: chupa za nusu lita, mara 8 hadi 12, mizunguko 2, siku 3 kwa wiki.

Nilimaliza dozi ya TB mwaka jana, makohozi ni safi, bado natweta. Nirudi kwenye mpira?

Dozi inaua vimelea, makovu inayaacha. Pima mapafu kwanza, kisha anza na kutembea, halafu kukimbia polepole, mpira baadaye. Kama una makohozi mengi asubuhi, yatoe kabla ya mazoezi. Ukikohoa damu, acha siku hiyohiyo na upimwe upya.