Kabla Hujaipandisha Familia Yako Jukwaani

Mabinti wa huku Mtwara ambao wazazi wao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji huniuliza sana namna ya kuandika igizo la maisha ya kwao. Wengi huja na kitu kimeshaandikwa: msichana kasimama peke yake katikati ya jukwaa, anauliza, "Mimi ni nani?" Kurasa mbili nzima anauliza. Mdogo wangu, futa. Hakuna mtu wa Chikongola atakayefunga genge lake mapema ili aje kukusikiliza ukijiuliza. Mpe mtu anayetaka kitu, na mwingine anayemzuia. Hayo ya wewe ni nani watayaona wenyewe.

Nasema haya nikiwa mtoto wa Wamakonde wa ng'ambo. Baba na mama waliletwa huku wadogo, wakati wa vita ya ukombozi iliyoanza Septemba 1964, na upande wa baba walipitia makazi ya wakimbizi ya Rutamba, kule Lindi. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, majirani wengi walifunga mizigo wakarudi. Babu hakurudi. Mikorosho yake ilikuwa imeanza kuzaa. Kwa hiyo mimi kuzaliwa Mtanzania si mambo ya siasa, ni mambo ya korosho. Na hapo igizo limeshapatikana: bibi kafunga mzigo, babu anapalilia.

Kazi ngumu ni kuipata habari yenyewe. Ukimkalisha mama yako kwenye kiti ukamwekea simu ya kurekodi mbele yake, atakuhutubia. Utasikia Frelimo, Nachingwea, Mondlane, Mwalimu, mambo yote ambayo redio ilishayasema. Mwache. Nenda ukafanye naye kazi ya mikono. Sisi tulikuwa uani tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini. Mama akachovya kipande kwenye chumvi, akaikung'uta ile iliyozidi irudi kwenye kisahani, punje kwa punje. Nikamcheka. Akasema, "Unacheka. Bibi yako alikuwa anaifunga kwenye pindo la kaniki, anatulambisha kidole. Kidole kimoja, mpaka kesho." Akaendelea kumenya. Sikuuliza swali hata moja, nikaongeza ming'oko kwenye sinia ili tukae zaidi.

Onyesho lile tuliliigiza bila maneno. Mwanamke, watoto, pindo la kaniki, kidole. Tulipolipeleka kijijini, tukacheza uwanjani watu wamekaa duara, bibi mmoja alisimama katikati ya mchezo: "Siyo hivyo! Anaanza mdogo!" Mwenzake akamkatalia, kwao alikuwa anaanza mgonjwa. Wakabishana, waigizaji wamesimama na vidole hewani. Niliwazuia wenzangu wasiendelee. Mgeni akicheza hupigiwa makofi, basi, akapande gari lake. Mimi nilikuwa nasahihishwa na bibi nisiyemjua, kwa sauti ya kumgombeza mjukuu. Shuleni nilikuwa Mmawia, jina la Wamakonde wa ng'ambo ambalo hutajwa kwa kubeza, na nilipovuka mpaka pale Kilambo kwenda kuwaona ndugu wa baba, huko nikaitwa Mtanzania. Pale uwanjani hakuna aliyeniuliza wa wapi. Kwa hiyo onyesho likikatizwa, shukuru, na ubadilishe siku hiyo hiyo.

Kuna suala la nafasi utakazopewa. Kwenye vikundi vyetu, hasa maigizo ya miradi, ya mimba za utotoni na kadhalika, ukijulikana kwenu ni ng'ambo utapewa mama wa Kimsumbiji anayevunja watu mbavu. Anapinda maneno, anakunywa pombe ya nipa, anatoka. Usigombane. Muulize mwongozaji swali moja: huyu mama anataka nini? Asipokuwa na jibu, wewe uwe nalo. Mimi niliamua wa kwangu anataka kulipwa deni la korosho na mtu aliyekaa pale pale jukwaani. Maneno hayakubadilika hata moja, ila kicheko kilianza kumwendea mdaiwa. Na lafudhi ukiitumia, itumie sawasawa. Kimakonde cha Mueda, ng'ambo, si cha Newala, huku kwetu, na wazee wanalijua hilo kabla hujamaliza sentensi.

Sasa la hatari, na hapa sina mzaha. Tangu kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020 na watu waliotokea upande wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, neno Msumbiji huku mpakani limepata uzito mwingine. Wapo ndugu zetu wenye karatasi pungufu, wanaoulizwa baba alizaliwa wapi kila wanapofuatilia kitambulisho. Usimpandishe jukwaani mtu wa namna hiyo akatambulika. Badilisha jina, kijiji, njia aliyopita, hata kazi yake. Wamakonde wa Kwale, Kenya, waliandamana hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, lakini wao waliamua wenyewe kujitokeza. Mjomba wako hajaamua. Ujasiri wa kisanii usiwe wa gharama ya mtu mwingine.

Mapiko nayo, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Najua kinyago kinapendeza machoni, na watu wa kamera wanakipenda. Lakini ya jando na ya unyago yana wenyewe, na mwanamke kulivaa lipiko, kinyago chenyewe, ili apate picha nzuri ni kutafuta ugomvi usiohitaji. Sisi tulitumia ngoma ikisikika nyuma ya pazia, na wanawake jukwaani wakikimbia huku wakicheka. Inatosha, tena inasisimua kuliko kinyago chenyewe. Ukitaka zaidi ya hapo, nenda kwa kungwi, uombe, na akikataa uondoke.

Igizo likiiva, lichezeni kwanza nyumbani, uani, mbele ya wenye habari, kabla ya ukumbi na kabla ya mfadhili yeyote. Wape ruhusa ya kukata. Mama alikata onyesho ambalo mimi nililiona ndilo bora kuliko yote. Lilitoka, na mchezo ukasimama bila hilo.

Halafu kuna pesa, jambo ambalo wasanii tunapenda kulisahau. Kama kuna kiingilio au posho, mwenye habari apate fungu lake kabla waigizaji hawajagawana. Mkabidhi mkononi, kikundi kizima kikiona, na liandikwe daftarini kwa jina lake, maana mtunza fedha wenu ataliita nauli.