Kabla Hujachukua Fomu ya Uenyekiti wa Mtaa, Nikusimulie Habari ya Tope

Wiki iliyopita kijana wa mtaa wa jirani aliniandikia: "Shikamoo Mwenyekiti. Mwakani nataka kugombea serikali ya mtaa hapa kwetu. Nianzie wapi?" Nikamwitikia marahaba, nikamwahidi nitamjibu kwa kirefu. Nilidhani mistari mitano ingetosha. Sasa mwaka 2023 unakatika, nina mambo kifuani ambayo mke wangu amechoka kuyasikia, kwa hiyo wewe ndiye utakayeyasikia.

Kwanza uelewe cheo chenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728. Wangu mimi hawafiki elfu tisa. Tangu Ilala ilipopandishwa kuwa Jiji, Februari 2021, shemeji yangu ananiita "kiongozi wa jiji" kila anapotaka kunikopa. Mshahara hakuna. Posho ipo, ikija. Nina meza, nina kabati ambalo mlango wake haufungi, na nina watu wanaogonga geti alfajiri wakitaka barua kwa sababu ndugu yao kalala polisi na mdhamini anatakiwa aje nayo. Riziki yangu inatoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na wewe uwe na yako kabla hujafikiria fomu. Mwenyekiti mwenye njaa ni hatari kwa viwanja vya watu. Muuzaji atakuja na mnunuzi wake, watakaa, na katikati ya maongezi itatajwa "ya mwenyekiti", asilimia kumi, kwa sauti ya kawaida kabisa kana kwamba imeandikwa kwenye sheria. Haikuandikwa popote. Nimewahi kuitazama bahasha ile huku nina ada ya mtoto inayodaiwa. Tuendelee.

Mimi niliingia Novemba 2019, nikapita bila kupingwa. Wenzangu wengi mwaka ule walipita hivyo hivyo, na nilifurahi sana, mama yangu akachinja kuku. Leo nakwambia ilikuwa bahati mbaya. Mtu aliyepita bila kupingwa hajawahi kusimama mbele ya watu akaulizwa swali gumu akatokwa jasho. Anaanza kazi akidhani kuulizwa ni kudharauliwa. Ndivyo nilivyoanza.

Mtaa wetu una mtaro mkubwa unaopita katikati na kwenda kumwaga maji yake Mto Msimbazi. Mwaka 2020 ulikuwa umejaa mpaka mbuzi anavuka kwa miguu: mchanga, chupa za maji, magodoro, na pampasi, pampasi nyingi kuliko idadi ya watoto ninaowafahamu. Nikaitisha mchango wa shilingi elfu tano kwa kaya. Kaya 340 zikatoa, jumla Sh 1,700,000, na nilijiona mwanaume. Nikachukua vijana wa kijiweni, wakaingia mtaroni kwa mabeleshi siku sita. Kazi ilifanyika, tusidanganyane. Lakini tope walilochota wakalimwaga ukingoni, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, "Liacheni likauke, litakuwa jepesi kubeba."

Jumanne ya Oktoba 13 mvua ikanyesha. Kama ulikuwa Dar siku ile unaikumbuka. Kuna watu walipoteza maisha jijini. Kwetu hakufa mtu, tunashukuru. Lakini tope lote la ukingoni lilirudi mtaroni kwa saa moja, likakuta njia chafu ile ile, maji yakageuka kuingia majumbani. Nyumba 31. Nilizihesabu mwenyewe nikiwa nimekunja suruali.

Kwenye mkutano, mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga alisimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwenyekiti, naomba kujua elfu tano yangu iko wapi." Nami, bila kupingwa wangu, nikamjibu, "Ipo mtaroni, nenda kaiangalie." Watu wakacheka. Nikaona nimeshinda. Mama yule godoro lake lilikuwa bado linachuruzika uani, na mimi nilikuwa nimelipita asubuhi nikaliona.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo. Mwezi ule ule nilikuwa naezeka vyumba vyangu viwili vya nyuma. Mabati nilitoa dukani kwangu, kwa hela yangu. Ila mtaa ulipiga hesabu yake: michango imekusanywa, mtaro umejaa, mwenyekiti anaezeka. Jibu likapatikana. Vijana niliwalipa mkononi, kila jioni, bila kusaini hata karatasi ya daftari la shule. Wawili walishahama. Mmoja nilipomuuliza alipata kiasi gani alisema hakumbuki. Sikula hata shilingi mia ya mtu, naapa. Na hakuna namna yoyote naweza kukuthibitishia. Miaka mitatu imepita, bado kuna mzee mmoja akiona mabati yale anakohoa.

Kwa hiyo kijana, ukiniuliza uanzie wapi, anza na daftari. Andika nani katoa, nani kapokea, nani kasaini. Andika hata hela ya maji ya kunywa. Mtu safi asiye na maandishi na mwizi asiye na maandishi, wakisimama mbele ya mkutano, hutawatofautisha.

Sitakuchosha na 2021 na 2022. Operesheni ya anwani za makazi, sensa, vikao vya kata, misiba. Mama wa mihogo alikuwa akinipita njiani nikimsalimia anaitikia kwa shingo. Nilistahili.

Agosti mwaka huu Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza vuli itakuwa na El Nino, yaani mvua za kupita kiasi. Nilisikia ile habari kwenye redio nikiwa dukani, nikaacha kumhesabia mteja misumari. Jioni nilikwenda mpaka kwenye kikaango. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaagiza mihogo ya mia tano, nikamwambia, "Mama, ile kauli yangu ya mwaka ule haikuwa ya kiungwana. Nisamehe." Akageuza mihogo. Akasema yameisha, baba. Nikaona nafasi nzuri, nikamwomba awe mtunza fedha wa mchango mpya. Akanitazama kama nimemtukana mara ya pili. "Mimi sikai na hela za watu. Nataka karatasi tu. Na usiibandike ndani ofisini ambako mtu mpaka apige hodi akuombe wewe kuisoma. Bandika nje."

Nje! Miaka minne kwenye kiti na hilo sikuwahi kuliwaza. Ndani tulikuwa na ubao wa matangazo wenye kioo kabisa.

Safari hii walitoa kaya 228 tu, na siwalaumu wale wengine. Zilipatikana Sh 1,140,000. Vijana kumi, elfu kumi na mbili kwa siku, siku nne: 480,000, kila mmoja kasaini. Tope halikulala ukingoni hata usiku mmoja; tulikodi kirikuu, safari 17 kwa 35,000, ikawa 595,000, likapelekwa kwa jamaa mwenye kiwanja chenye shimo aliyekuwa analia kutafuta kifusi. Mabeleshi mawili 24,000. Glavu na maji 34,500. Baki 6,500. Ile karatasi tuliibandika kwenye ukuta wa nje, upande wa barabarani, juu kidogo ili watoto wasiichane. Basi nakuapia, mjadala wa ile 6,500 ulikaa kwenye grupu la mtaa siku mbili nzima. Inunuliwe nini? Kwa nini glavu ghali? Kuna mtu alikwenda dukani kuulizia bei ya glavu! Zamani ningekasirika. Nilikuwa nasoma ujumbe mmoja mmoja huku natabasamu peke yangu, mpaka mke wangu akaniuliza naandikiana na nani.

Novemba mvua zikaja kweli. Usiku mmoja nilisimama kwenye kalavati na tochi tangu saa saba mpaka saa kumi, maji yakipanda, yakafika usawa wa alama niliyochora kwa rangi, yakasimama. Nyumba nne ziliingia maji. Si sifuri, ni nne, na wenye zile nyumba hawataki kusikia habari za 31. Wakati ule ule kuna majirani, tena niliosali nao Ijumaa, walisubiri mvua ikolee wakatapisha vyoo. Kinyesi kikapita mbele ya mlango wa mzee mgonjwa. Nawajua. Wanajua nawajua. Hapa ndipo ninapokasirika nikasahau upole wote nilioandika juu: serikali haitakuja kukufundisha kwamba mavi yako usimpelekee jirani. Hiyo ulitakiwa utoke nayo kwenu.

Desemba 3 tope la Mlima Hanang, kule Manyara, liliposhuka likafunika sehemu za mji wa Katesh, grupu letu lilinyamaza siku nzima. Hakuna aliyeuliza habari ya baki. Jioni mtu mmoja akaandika, "Mwenyekiti, na sisi tukusanye kidogo tuwapelekee?" Nilimwambia kamati ilishughulikie, na orodha ibandikwe nje.

Nisikudanganye kwamba mwaka ulikwenda vizuri. Kikundi cha akina mama kumi walinisikiliza, wakafungua akaunti, wakaandika katiba, wakajaza fomu za mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Aprili serikali ikasitisha mikopo yote ili utaratibu utazamwe upya. Nami nilikuwa nimeshawaambia "mwezi wa tano mtakuwa na cherehani". Mwezi wa tano huo. Hela ilikuwa kwenye mfuko wa mwingine, na mimi niliitaja kama iko kwenye wangu. Usifanye hivyo. Sema "nimepeleka fomu", ukomee hapo. Wale akina mama sasa wanachangishana elfu mbili mbili kila Jumapili na wamepata cherehani moja, ya mkono wa pili, bila mimi.

Taka bado. Mzabuni tuliyenaye anakusanya ada kwa wakati kuliko anavyokusanya taka, na nimeshaandika barua tatu, nakala ninazo, kwenye daftari, unaona. Mgao wa umeme nao ulitumaliza: saluni, mashine ya kusaga, yule kijana wa samaki wa friji. Giza likaleta vibaka, ulinzi shirikishi ukafufuka kwa wiki tatu, kisha filimbi zikaisha sauti. Mwaka 2023 unaisha Bwawa la Nyerere halijaanza kuzalisha umeme, na watu wanasema likianza tutapumua. Nami nasubiri kama wao.

Lakini nina matumaini, na usiku huu nayaona makubwa kuliko hapo awali. Kaya 228 zilitoa hela zao kwa mtu ambaye walimwita mwizi. Hebu nyie vijana lifikirieni hilo. Mnakaa kijiweni mnasema wananchi hawabadiliki, hawachangii, wana roho mbaya. Wananchi wanataka kujua hela iko wapi! Mnanunua fulana, mnachapisha mabango ya sura zenu, mnataka kuitwa waheshimiwa, na hamjawahi kuitisha kikao cha watu kumi mkakisomea mapato na matumizi. Kaandike. Kabandike. Nje.

Haya, nimeanza kuhubiri. Mke wangu ananiambia kila nikikaribia uchaguzi naanza kuwa imamu.

Mwakani kama nitagombea tena sijaamua. Nikigombea, natamani nipate mpinzani, mtu wa kuniuliza maswali mbele ya watu, na asiwe mpole. Kama ni wewe, karibu. Jumamosi hii tunazibua kalavati la pili, lile la karibu na msikiti, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na beleshi lako. Ya ofisi ni matatu na moja limevunjika mpini. Ile 6,500 ndiyo inayokwenda kununua mpini, wamekubaliana juzi, kwa kura, na mama wa mihogo akataka risiti.